Kusafiri na Bunduki ya Shabaha kwa Ndege kutoka Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kuikabidhi Bila Kurudishwa

Msimu wa mashindano ukikaribia, simu yangu hulia saa zisizo za watu. Anayepiga huwa amesimama uwanja wa ndege wa JKIA, kasha la bunduki liko miguuni, na mhudumu wa kaunta ameshamwambia kwamba mzigo huo hauendi. Ananiuliza afanye nini. Jibu ninalo, ila si la kumsaidia saa hiyo, kwa sababu kosa lilifanyika wiki nyingi nyuma, mezani kwake nyumbani.

Simu hizo zinafanana kama pacha. Nambari ya bunduki hailingani na ya kwenye kibali. Au ndege inapitia nchi ya tatu ambayo hakuna aliyeiomba ruhusa. Au risasi zimewekwa pasipostahili. Bunduki yenyewe karibu kila mara haina tatizo lolote.

Mwongozo huu ni wa mwenye bunduki halali ya shabaha au ya kuwindia, anayeipeleka nje ya nchi kama mzigo wa kukabidhiwa. Safari za ndani ya Kenya nitazigusa mwishoni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha kumiliki silaha ambacho muda wake hautaisha ukiwa safarini. Kipime kwa tarehe ya kurudi, si ya kwenda.
- Pasipoti, tiketi ya kwenda na kurudi, na barua ya mwaliko kutoka kwa waandaaji wa mashindano au kampuni ya uwindaji.
- Kasha gumu la plastiki nene au alumini, lenye matundu ya kufuli.
- Kufuli za chuma za kutosha matundu yote, ikiwezekana zinazofunguka kwa ufunguo mmoja.
- Sponji ngumu ya kukatwa kwa umbo la bunduki.
- Boksi la risasi, kama utabeba risasi.
- Kijiti cha plastiki chenye rangi kali cha kuchomeka kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kuonyesha iko tupu.
- Vifuko vya kukausha unyevu na kitambaa kilichopakwa mafuta ya bunduki.
- Mizani ndogo ya kuning'iniza mizigo.
- Folda ngumu yenye nakala tano za kila karatasi.

Neno kuhusu kasha. Mafundi wa Kamukunji wanatengeneza masanduku mazuri ya bati, na nusu yetu tulikwenda nayo bweni. Kwa bunduki hayafai. Bati ni jembamba, na bisibisi moja inang'oa komeo la kufuli bila jasho. Jaribu kasha lako hivi: lifunge kwa kufuli zote, kisha vuta pembe za mfuniko kwa mikono miwili. Vidole vikipenya ndani, tafuta jingine. Kuna mashirika yanayolikataa kasha kwa kosa hilo pekee.

Sponji utaipata Industrial Area, ikatwe kwa kipimo chako. Usichukue ile laini ya godoro. Ikibanwa kwa saa nane hailindi kitu.

## Hatua ya 1: Soma nambari kwenye chuma

Usiisome kwenye cheti, wala kwenye picha ya simu. Toa bunduki kwenye sefu, ipeleke kwenye mwanga wa dirisha, futa mafuta, na uisome nambari herufi kwa herufi huku mtu mwingine akiandika. Kisha badilishaneni.

Mimi nilijifunza kwa gharama. Safari yangu ya kwanza nilijaza fomu kutokana na picha niliyoipiga kwa haraka. Asubuhi ya safari, afande aliyenikagua aliinamia kasha, akawasha tochi ya simu, akapitisha kidole gumba polepole juu ya chuma. Akanyamaza. Akarudia. "Mzee, hii si 8. Hii ni B." Nikainama nami. Ilikuwa B, na jicho lake la juu lilikuwa limejaa mafuta makavu. Kibali kilisema 8. Kwa hiyo mbele ya afande palikuwa na bunduki isiyo na kibali, na kibali kisicho na bunduki. Ndege iliondoka bila kasha wala mwenye kasha. Sina wa kumlaumu. Mwandiko ulikuwa wangu.

Ukishaipata, iandike juu ya ukurasa wa kwanza wa folda pamoja na kutengenezwa na nani, aina, na kipimo cha mtutu. Kila fomu utakayojaza kuanzia hapa uinakili kutoka ukurasa huo tu.

Utajua umefaulu: cheti, ukurasa wa folda na chuma vinasema kitu kimoja. Kama cheti ndicho kilichokosea, rudi kwa waliokitoa kirekebishwe kwanza. Usiendelee na hatua ya 2 ukitumaini hakuna atakayeona.

## Hatua ya 2: Chagua njia kabla ya bei

Tiketi ya bei nafuu mara nyingi ndiyo inayomkwamisha mtu. Bunduki inayopita katika nchi, hata isiposhuka kwenye mkanda wa mizigo, kwa serikali ya nchi hiyo ni silaha iliyoingia. Uholanzi, kwa mfano, inataka idhini ya forodha kwa bunduki inayobadilisha ndege tu Amsterdam. Kila kituo cha katikati ni ofisi moja zaidi ya kuandikia barua.

Kanuni zangu tatu:

1. Ndege ya moja kwa moja ikiwepo, ichukue hata kama inazidi bei. Johannesburg na London zote zina ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi.
2. Ukilazimika kubadilisha ndege, tiketi iwe moja. Tiketi mbili tofauti zina maana kwamba mzigo huenda ukashukia katikati, uuchukue wewe mwenyewe na uukabidhi upya. Hapo umeingiza silaha katika nchi ambayo hukuomba kuiingiza.
3. Uliza ni shirika gani hasa litakalorusha ndege. Tiketi inaweza kuwa na jina la shirika moja na ndege ikawa ya jingine. Masharti yatakayotumika siku hiyo ni ya mwenye ndege.

## Hatua ya 3: Vibali, na anza miezi mitatu kabla

Kenya. Cheti chako kinakuruhusu kuwa na bunduki humu nchini. Hakikuruhusu kuivusha. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kuitoa na kuirudisha kunahitaji vibali, na mlango wa kugonga ni Bodi ya Leseni za Silaha. Omba cha kutoka na cha kurudi kwa pamoja. Wengi huomba cha kutoka tu, kisha wanajikuta wako nje na bunduki ambayo nyumbani haina ruhusa ya kuingia.

Unakokwenda. Kila nchi na desturi zake. Nchi tatu kwa mfano:

*Afrika Kusini* hutumia fomu SAPS 520 ya polisi. Ijaze kwa wino mweusi, na usiisaini mpaka uwe mbele ya afisa wa polisi kule uwanjani. Ambatanisha mwaliko, cheti chako, pasipoti, tiketi ya kurudi na kibali chako cha kutoka Kenya. Bunduki lazima iwe na nambari iliyochongwa kwenye chuma, stika haikubaliki. Risasi zisizidi 200 kwa kila bunduki.

*Uingereza* huomba mwenyeji wako, si wewe. Klabu au mtu anayeishi kule huwasilisha ombi la kibali cha mgeni kwa polisi wa eneo lake. Wanaokwenda mashindano ya Julai pale Bisley, uwanja wa shabaha wa Uingereza, wawaandikie wenyeji mapema mwanzoni mwa mwaka. Kibali chenyewe, karatasi halisi, kiwe mkononi kabla hujapanda ndege.

*Marekani* inataka fomu 6NIA iliyoidhinishwa na ATF, idara ya kule inayosimamia silaha, pamoja na leseni halali ya uwindaji ya kule au mwaliko wa mashindano.

Utajua umefaulu: umetandaza karatasi zote mezani, umechukua kalamu, na umeweka alama chini ya nambari ya bunduki katika kila moja. Hakuna 8 iliyogeuka B.

## Hatua ya 4: Idhini ya shirika la ndege, kwa maandishi

Kuwa na tiketi si kuwa na ruhusa ya bunduki. Andika barua pepe ukitaja: jina, nambari ya tiketi, tarehe, aina ya bunduki, nambari yake, urefu na uzito wa kasha, na uzito wa risasi kama zipo. Ambatanisha vibali.

Usikubali jibu la simu. "Njoo tu, hakuna shida" haina sahihi, na aliyekuambia hivyo hatakuwa zamu asubuhi hiyo. Unachotaka ni maneno kwamba silaha imeidhinishwa, yakiwa yamechapishwa ndani ya folda yako.

Uliza pia ada, kwa sababu wengine hutoza bunduki kama kifaa cha michezo na wengine hutoza kando. Na uliza kama komeo la bunduki, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, linatakiwa kutenganishwa.

## Hatua ya 5: Kufungasha bunduki

Fanya kazi hii jioni moja kabla, ukiwa umetulia, bila risasi hata moja chumbani. Sisemi hivyo kwa sherehe. Mkono uliochoka hupakia ulichozoea kupakia.

Ondoa magazini (kibebeo cha risasi), fungua komeo, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole. Jicho hudanganyika gizani, kidole hakidanganyiki. Toa komeo kabisa, lifunge kwa kitambaa chenye mafuta, liweke kwenye tundu lake ndani ya sponji au kwenye sanduku jingine la kukabidhiwa, kulingana na shirika lilivyosema. Lisiingie begi la mkononi kamwe. Kwa wakaguzi, komeo ni sehemu ya silaha, hata liwe peke yake. Kisha chomeka kile kijiti cha rangi kwenye chemba.

Darubini ndiyo inayoumia zaidi. Kasha halitabebwa kama yai, litarushwa. Mimi huiacha darubini mahali pake pale tu sponji inapoishika pande zote bila mfuniko kuikandamiza juu. Ukiona mfuniko unaigusa, iondoe pamoja na vishikio vyake, ukiwa umeweka alama ya penseli mahali ilipokuwa. Bunduki zenye vilenga vya duara vya mashindano, ondoa kilenga cha nyuma, kiandikie vipimo vyake kwenye daftari, kifungashe peke yake.

Betri za akiba za lithiamu zitoe humo; zinakwenda begi la mkononi. Mafuta ya kupuliza na dawa za kusafishia mtutu zinazoshika moto usizibebe popote, zinunue ukifika. Kitambaa chenye mafuta kinatosha.

Kama kasha lako ni lile lisilopitisha hewa, fungua vali yake. Ukilifunga Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kisha ukashukia pwani na vali imefungwa, hewa nzito ya nje itaukandamiza mfuniko, na utatokwa jasho mbele ya afisa na watu ukijaribu kulifungua kasha lako mwenyewe.

Funga kufuli *zote*. Tundu moja likibaki wazi kasha halijafungwa. Funguo ziwe mwilini mwako, si ndani ya begi litakalokabidhiwa.

Utajua umefaulu: ukitikisa kasha hakuna kinachogonga, pembe hazifunguki, na mizani inaonyesha chini ya kilo 23 au kiwango chochote kilichoandikwa kwenye tiketi yako.

## Hatua ya 6: Risasi

Ushauri wangu wa kwanza: zisipokuwa za lazima, ziache. Katika mashindano mengi ya bunduki ya shabaha pale Bisley risasi hutolewa na waandaaji, na kampuni nyingi za uwindaji zitakusaidia kuzipata kule. Umepunguza nusu ya maswali.

Ukizibeba, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinaruhusu kilo 5 kwa mtu mmoja, pamoja na uzito wa boksi, kwa matumizi yake mwenyewe na kwa idhini ya shirika. Ziwe za kundi la hatari la 1.4S, lenye namba za utambulisho UN 0012 au UN 0014. Tazama alama kwenye boksi la kiwandani. Zenye kulipuka au kuwasha moto hazikubaliki. Baruti ya kumimina na fataki za kujazia risasi haziendi kabisa.

Hapa ndipo hesabu inapowatoroka watu. Risasi moja ya .308 yenye kichwa cha greni 155 (gramu 10 hivi) ina jumla ya gramu 24 hivi. Risasi 200 ni karibu kilo 4.8 kabla hujaweka boksi hata moja. Kwa hiyo kibali cha Afrika Kusini kinaweza kukuruhusu 200 na ndege ikakukatalia hizohizo 200. Mimi huishia 160 na silali macho. Wapigaji wa .22 hawana shida hii. Risasi 500 hazifiki kilo 2.

Na kilo 5 hizo haziunganishwi. Wewe na mkeo hamwezi kuweka kilo 10 kwenye boksi moja kwa hoja kwamba mko wawili. Kila mtu na lake.

Zifungashe kwenye boksi la kiwandani au la plastiki lenye tundu la kila risasi, si kwenye soksi, si kwenye mfuko. Kama ziende kasha moja na bunduki au kando, jibu liko kwenye barua ya hatua ya 4.

## Hatua ya 7: Begi la mkononi, adui asiyesemwa

Usisafiri na begi unalokwenda nalo uwanja wa shabaha. Narudia kwa sababu kila mwaka kuna mtu. Begi hilo lina mifuko midogo ndani ya mifuko, na risasi moja ya .22 huweza kukaa kwenye mshono miaka miwili ikisubiri eksirei ya uwanja wa ndege. Maelezo yako yatakuwa ya kweli kabisa, na bado utayatoa ukiwa umekaa ofisi ya polisi.

Chukua begi ambalo halijawahi kufika uwanja wa shabaha. Kagua pia koti na viatu. Maganda matupu nayo yatoe.

## Hatua ya 8: Siku ya safari, JKIA

Fika masaa manne kabla. Nenda na gari la nyumbani au la rafiki, moja kwa moja, bila kusimama kituo cha mafuta. Barabara ya juu kutoka Westlands itakuokoa na Mombasa Road.

1. Kizuizi cha barabarani cha kuingilia uwanja, pale abiria wanaposhuka garini kukaguliwa. Usishuke na kuondoka kana kwamba hakuna kitu. Msogelee afande, kwa sauti ya kawaida: "Habari ya kazi, afande. Nina silaha ya michezo kwenye kasha, haina risasi. Vibali ninavyo hapa." Usiseme "nina bunduki" kwa sauti ya kusikika foleni nzima. Usiliguse kasha mpaka uambiwe.

2. Mlango wa jengo. Rudia maneno yaleyale kabla kasha halijafika kwenye mkanda wa eksirei. Anayelitazama kwenye skrini asilione kabla ya kuambiwa.

3. Kaunta. Mpe mhudumu folda, barua ya idhini ikiwa juu. Atampigia msimamizi na polisi. Hapa hakuna cha kuharakisha. Ukianza kutazama saa kila dakika unawatia wasiwasi.

4. Ukaguzi. Utaambiwa ufungue. Fungua kufuli, inua mfuniko, rudi nyuma hatua moja, mwonyeshe kijiti cha rangi kwenye chemba. Nambari itasomwa kwenye chuma na kulinganishwa na kibali. Hapa ndipo ile jioni ya dirishani inapolipa.

5. Forodha. Waombe maafisa wa KRA wakuandikie kwamba bunduki hii, nambari hii, imetoka nchini leo. Bila hiyo, siku ya kurudi itaonekana kama bidhaa mpya.

6. Lebo. Saini tamko la silaha, funga tena, hakikisha lebo ya mzigo ina kituo cha mwisho. Piga picha ya lebo na risiti.

Usikimbilie lango la kupandia. Kaa karibu mpaka uambiwe kwamba kasha limepokelewa ndani, kwa sababu wakitaka lifunguliwe tena, ufunguo unao wewe.

Ukikataliwa: usibishane, na usijaribu kuliacha kasha kwa ndugu aliyekusindikiza kama yeye hana cheti. Rudi nalo nyumbani kwenye sefu. Ndege nyingine zipo.

## Hatua ya 9: Ukifika

Kasha huenda lisitokee kwenye mkanda. Uliza dawati la mizigo. Mara nyingi huletwa kwa mkono. Johannesburg, pitia ofisi ya silaha ya polisi ukiwa na ile fomu isiyosainiwa. London, pita njia nyekundu ya forodha, hata kama huna kingine cha kutangaza.

Kama unatoka kwenye baridi ya tumbo la ndege na kuingia kwenye joto la unyevunyevu, usifungue kasha mara moja ukifika chumbani. Liache saa moja. Chuma baridi kikikutana na hewa ya joto hutoa jasho, na jasho hilo ni kutu ya kesho.

Kisha jambo ambalo wapigaji wa Nairobi husahau: pima shabaha upya. Sisi tunafanya mazoezi juu, hewa ni nyepesi. Bisley iko karibu na usawa wa bahari, hewa ni nzito, na risasi hupoteza kasi haraka zaidi. Yadi 300 utaona tofauti ndogo. Yadi 900 na 1,000, kipimo ulichokuja nacho kutoka Kenya kitakutupa chini ya alama. Wa kutoka pwani kuja huku juu, kinyume chake.

## Hatua ya 10: Kurudi, na safari za ndani

Kurudi ni hatua ya 8 ikianzia upande wa pili, nayo inahitaji idhini ya shirika kivyake. Risasi zilizobaki ziache kwa utaratibu wa klabu ya kule badala ya kuzirudisha. Ukitua JKIA, nenda mwenyewe kwa forodha na polisi ukiwa na kibali cha kurudi na ile karatasi ya KRA, usisubiri kuitwa.

Kwa Mombasa, Kisumu au Eldoret huhitaji vibali vya mpaka, lakini cheti, idhini ya shirika na hatua ya 5 hadi 8 zinabaki. Ukiondokea uwanja wa Wilson kwa ndege ndogo, uliza kwanza kama kasha lako litaingia. Nyingi huruhusu kilo 15 za begi laini tu, na kasha la mita 1.3 halikunjiki.

Nyumbani, toa bunduki kwenye kasha usiku uleule. Sponji hunyonya unyevu na kuubania kwenye chuma. Futa, paka mafuta, kaza skrubu za vishikio vya darubini, iingize sefu. Vifuko vya unyevu vianike juani kabla ya safari nyingine.